Maji Aliyommwagia Mwanetu

Mama mkwe wangu alikuwa na mazoea ya kuhesabu wafu kabla ya kula. Watu wengine husali wakashika vijiko. Bi Ermesinde alisali, kisha akaanza: "Savari Mkubwa, aliyejenga mnara. Gosbert, mwanawe. Ansel, mwana wa Gosbert..." mpaka afike kwa marehemu mumewe, duki wa saba wa Valorge, na huku supu yetu imeshaganda mafuta juu. Hakuna aliyethubutu kugusa bakuli kabla hajamaliza. Wote saba walilazwa chini ya sakafu ya kikanisa chetu, kila mmoja na bamba lake la jiwe, na ukimsikiliza yule mama ungedhani wanangoja tu waitwe mezani.

Mwanangu Aimeri naye alilala pale, miguuni pa babu yake, chini ya jiwe dogo lisilo na jina. Bi Ermesinde hakuwahi kumhesabu. Mwaka wa kwanza nilijikaza nikamwuliza kwa nini.

"Mtoto aliyeishi muda wa mkate kuiva hahesabiki, mwanangu," alinijibu bila kuinua macho. "Ukoo si orodha ya machozi."

Miaka mitatu nilinyamaza nikala supu baridi.

Siku ya pili baada ya Sikukuu ya Mtakatifu Martino, nguruwe wamekwisha chinjwa na ua mzima unanuka chumvi na damu, mama huyo alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nilipoolewa. Ini la nguruwe wa kwanza, kwa desturi ya nyumba ile, ni la duki mwenyewe. Alilichukua, akalikata vipande viwili, na kipande kikubwa akaniwekea mimi.

"Kula, mwanangu. Una safari ndefu."

Mkwe ambaye hajakupa hata ukoko akikupa ini, usishukuru kwanza. Nikamtazama mume wangu ng'ambo ya meza.

Savari wangu alikuwa na pua iliyovunjwa na teke la farasi, na macho yasiyojua kuficha kitu. Ukitaka kujua kama mvua imeharibu ngano, huna haja ya kwenda shambani, mtazame Savari usoni. Tulioana bila kuonana, kama watoto wote wa nyumba kubwa. Usiku wa harusi alikaa ukingoni mwa kitanda, midomo inacheza. Nikamwuliza, "Unasali?" Akasema hapana, mama yake alimfundisha kuwataja babu zake kila akiogopa, na sasa amefika wa nne. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka, na kabla hatujagusana nilikuwa nimekwisha kumpenda. Sijawahi kuacha.

Siku ile ya ini, macho yake yaliniambia kwamba hata yeye hajui kinachoendelea.

"Safari gani, mama?" akauliza.

"Mwambie, Padri."

Padri Gontran alikuwa ametumwa na askofu. Alikuwa nasi siku mbili, na sote tulidhani amefuata nyama. Alikuwa mtu mpole mwenye mafua yasiyoisha, na alipenga kamasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bwana Duki. Bibi Helvise. Kuna mashaka juu ya ndoa yenu."

Savari akacheka. "Mashaka yapi? Kabla hatujaoana mlikaa hapa wiki nzima mkihesabu vizazi saba na kula kuku wangu. Mimi na Helvise hatukutani mpaka kwa Nuhu."

"Si damu, bwana. Ni maji."

Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Waliosema hivyo hawakuwahi kukaa meza moja na mama mkwe wangu.

"Siku mtoto wenu alipozaliwa," akaendelea Padri, "nani alimbatiza?"

Nilihisi ukumbi mzima umeegemea upande wetu. Savari alijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Mimi. Kila mtu anajua. Padri wetu alikuwa ng'ambo ya mto na barafu ilikuwa imevunja daraja. Mtoto alikuwa wa buluu. Ningengoja nini?"

"Na mkunga alikuwa wapi?"

"Alikuwa..." Savari akasita. "Alikuwa palepale."

"Hapo ndipo penye shida," alisema Padri kwa upole. "Anayembatiza mtoto huwa mzazi wake wa roho. Na mzazi wa roho na mama wa mtoto ni ndugu mbele ya Kanisa. Ndugu hawalali kitanda kimoja. Ndiyo sababu baba hammwagii mwanawe maji, ila pasipokuwa na mtu mwingine yeyote. Na mkunga Perrote alikuwepo, mzima, na ulimi wake mdomoni. Ameapa hivyo mbele ya askofu wiki iliyopita."

"Mikono ya Perrote ilikuwa imemziba mke wangu damu!" Savari alisimama, kiti kikaanguka. "Angeiachia ili ashike bakuli, nisingekuwa na mke wa kunivunjia ndoa leo!"

"Kaa chini, mwanangu," alisema Bi Ermesinde, akitafuna. "Unatisha mbwa."

Mimi sikupiga kelele. Nilimgeukia tu. "Mama, Perrote amekumbuka haya baada ya miaka mitatu?"

"Baada ya miaka mitatu bila mimba nyingine, ndiyo. Perrote huyohuyo ndiye anayesema tumbo lako halitashika tena. Mimi sikuchukii, Helvise. Wewe ni mwanamke mzuri na unashona vizuri. Lakini Savari akifa bila mtoto, binamu yake wa Roquenoire ataingia humu na kuyang'oa mawe ya wale saba atengeneze sakafu ya zizi. Kuna binti wa Chantelou, ana kaka watano. Tumbo la mama yake linazaa."

"Umeshamtafuta!" alisema Savari.

"Mtu hachimbi kisima siku ya kiu."

Padri alijikohoza. "Nitawaapisha nyote wawili kesho baada ya misa, mkono juu ya masalia ya mtakatifu. Perrote aliona maji. Maneno hakuyasikia, sikio lake moja ni bovu na jingine linafuata. Na ubatizo ni maji pamoja na maneno. Maji bila maneno ni kuoga tu." Akamtazama Savari, akakaza macho, kama mtu anayeacha mlango bila komeo. "Nitauliza kama maneno yalisemwa. Hilo tu."

Kile kipande cha ini sikukigusa.

*

Mchana nilitoka nipate hewa. Nilipita mabirika ya chumvi na vichwa vya nguruwe vilivyopangwa ukutani, nikaenda mpaka uzio wa kaskazini, nyuma ya kikanisa, mahali ambapo watu hawaendi bila sababu.

Guiote mfua nguo alikuwepo, amepiga magoti, anapanga mawe. Miezi miwili kabla ya hapo alijifungua mtoto aliyekufa kabla maji ya ubatizo hayajafika. Asiyebatizwa hazikwi ardhi takatifu. Huwekwa nje ya uzio, kwenye shimo la kina cha mkono, bila msalaba, na watu humwita "wa nje". Nguruwe waliobaki walikuwa wamefunguliwa wakale njugu za miti ya mialoni, na pua ya nguruwe haibagui.

"Walifika, Bibi," Guiote aliniambia bila kusimama. "Jana. Sasa naweka mawe makubwa."

"Walifika wapi, Guiote?"

"Usiniulize."

Nilimsaidia kubeba mawe mawili. Mikono yangu ilichubuka na sikusikia kitu. Alipoondoka nikabaki pale peke yangu, na hapo ndipo Savari aliponikuta. Alikuja mbio, uso unang'aa kama siku aliyoniletea farasi mweupe.

"Helvise! Nilikutafuta kila mahali. Sikiliza. Sikiliza, mpenzi wangu, tumepona. Umemsikia Padri? Maji bila maneno si ubatizo. Perrote hakusikia. Tulikuwa wawili tu wenye masikio mle ndani. Kesho mimi nasema nilimwosha tu mtoto, nililia, sikusema neno. Wewe unasema hivyohivyo. Kwisha! Mama arudi na binti wake wa Chantelou wakahesabiane."

Alinishika mabega. Mikono yake ilikuwa ya moto na nilitaka kuingia ndani yake nijifiche. Kwa muda wa pumzi mbili niliona kitanda chetu, mbwa wake miguuni petu, nywele zake zikianza mvi pole pole na mimi nikimtania. Niliyaona yote, na niliyataka kuliko nilivyopata kutaka chochote.

Kisha jiwe moja la Guiote likaporomoka, likabingirika mpaka karibu na kiatu chake.

"Savari," nikasema. "Umesimama wapi?"

Akatazama chini. Sikumwonea huruma, nikamwacha atazame vizuri.

"Kama hakubatizwa," nikasema, "mahali pake ni hapa."

"Hawatafanya hivyo."

"Mama yako? Mama yako atashika koleo mwenyewe. Ni mtoto asiyebatizwa miguuni pa duki wa saba. Atakaa naye mle ndani hata Jumapili moja?"

"Basi watamhamisha." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mara moja tu. Hatutakuwepo. Tutakwenda kuwinda."

"Kuwinda!"

"Helvise, amekufa! Nisamehe, lakini amekufa, na sisi tu hai. Nitamjengea ukuta hapa. Nitaweka mtu alinde. Nguruwe wote wa Valorge nitawaua, kama unataka. Mungu anamjua mtoto wetu, popote alipo."

"Kama Mungu anamjua popote alipo, kwa nini ulikimbilia bakuli?"

Nilimwona akirudi kule, kwenye asubuhi ile ya barafu. Wanaume hawaingii chumba cha uzazi, lakini yeye alivunja kitasa. Alimchukua mtoto kutoka mapajani mwangu, akachota maji ya kunawia kwenye bakuli la shaba la Perrote, akammwagia mara tatu. Alitakiwa kumwita Gosbert, zamu ya jina hilo ilikuwa imefika. Akamwita Aimeri, jina la mtunza farasi aliyemfundisha kupanda, kwa kuwa ndilo la kwanza lililomjia kinywani na ndilo alilolipenda. Mtoto alifungua macho maji yalipomgusa. Hilo tuliliona wawili tu.

"Niliogopa," Savari alisema. "Niliogopa atakuwa peke yake gizani."

"Na kesho hutaogopa?"

"Kesho naogopa kukaa bila wewe!" Alipiga uzio kwa ngumi, mti ukapasuka, vifundo vyake vikatoka damu. "Unadhani mimi ni jiwe? Binti wa Chantelou ana miaka kumi na mitano. Watanilaza naye, mama yangu atasimama mlangoni akitaja wafu. Nitakufa, Helvise. Niambie unaweza kuishi bila mimi. Niambie, niende zangu."

"Siwezi."

"Basi kesho sema hapana."

"Na wewe utaweka mkono juu ya mifupa ya mtakatifu useme uongo? Unajua mwisho wa mtu wa hivyo."

"Najua. Nitakwenda motoni nikiwa mume wako."

Nimewahi kusikia wanawake wakisema wanataka mwanamume wa kuwaambia maneno kama hayo. Mimi niliambiwa, nikiwa nimesimama juu ya kaburi la mtoto wa mfua nguo, na sitamwombea mwanamke yeyote aambiwe.

Nilifunga vifundo vyake kwa kitambaa cha kichwa changu. Alipoondoka aligeuka mara moja akaniuliza, "Utasema hapana, sivyo?" Nikamwambia, "Nenda ukale." Akachukulia kuwa ni ndiyo. Nilimwacha achukulie hivyo, na kati ya yote niliyofanya siku zile mbili, hilo ndilo linaloniuma.

*

Kikanisa chetu ni kidogo. Watu kumi na wawili wakisimama wanagusana mabega. Asubuhi ile Padri Gontran aliweka sanduku la masalia juu ya meza ndogo mbele ya altare, na mwandishi wake akaketi kwenye bamba la Ansel, wino magotini. Bi Ermesinde alisimama juu ya mumewe. Perrote alijibanza mlangoni, hakuweza kunitazama. Sikumlaumu. Ana wajukuu sita na wote wanakula jikoni kwa mama mkwe wangu.

Mimi nilisimama karibu na lile jiwe dogo, vidole vya mguu wangu vikilifikia.

"Bwana Duki ataapa kwanza," alisema Padri.

Savari alisogea. Kitambaa changu kilikuwa bado mkononi mwake, chenye damu iliyokauka. Niliona midomo yake inacheza na nikajua anachofanya. Savari Mkubwa. Gosbert. Ansel. Mume wangu alikuwa anaogopa, na alikuwa anakwenda kujitupa motoni kwa ajili yangu, akihesabu babu zake kama mtoto anayehesabu ngazi gizani.

Alipoinua mkono, mimi nilipita mbele yake nikauweka wangu kwanza juu ya sanduku.

"Bibi," akashtuka Padri, "zamu yako ni..."

"Mimi ndiye niliyezaa. Nianze mimi."

"Helvise," alisema Savari nyuma yangu, polepole. "Helvise, usifanye hivyo."

Sikugeuka. Ningegeuka nikayaona yale macho, mwanangu angelala nje hadi leo.

"Uliza, Padri."

Padri Gontran alinitazama. Naamini alinihurumia. "Bibi Helvise, mtoto huyo alipomwagiwa maji, je, maneno ya ubatizo yalisemwa? Ukiwa na mashaka yoyote, ulikuwa mgonjwa, ulikuwa umepoteza damu nyingi. Unaweza kusema hukumbuki."

Mlango wa pili. Mtu yule alikuwa anafungua milango yote aliyonayo.

"Nakumbuka," nikasema. "Alisema, Aimeri, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Alilisema neno kwa neno. Sauti ilikatika kwenye Mwana, akalirudia. Mtoto alikuwa hai. Alimtazama baba yake."

Kalamu ya mwandishi ilikwaruza muda mrefu.

"Bwana Duki," alisema Padri. "Na wewe?"

Sasa nilimtazama. Alikuwa na njia moja tu iliyobaki, kuniita mwongo juu ya mifupa ya mtakatifu. Ndoa ingeponea hapo, pengine. Padri angekuwa na kiapo kimoja dhidi ya kingine, na kiapo cha duki ni kizito. Niliona wazo hilo likimpitia usoni wazi kabisa. Niliona pia lilipoondoka, na nilivyompenda wakati ule sijui kuandika.

"Ni kweli," akasema. "Nilisema. Nililirudia neno la Mwana." Kisha akapiga magoti juu ya lile jiwe dogo, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, akalia kwa sauti mbele ya watumishi wake.

Mguu wangu ulitoka wenyewe kumfuata. Padri akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha aibu, lakini nilikielewa. Tangu mwandishi alipoinua kalamu, mimi na Savari tulikuwa ndugu.

*

Mambo ya nyumba kubwa yanapokwisha hayachukui muda kufungashwa. Makasha mawili, mashuka niliyokuja nayo, na farasi mweupe, kwa kuwa Savari alisema kwa ukali kwamba ni wangu na atakayebisha atamvunja taya. Kwa kaka yangu ni mwendo wa siku nne. Nilimtumia Savari neno kwamba asitoke kuja uani. Angetoka asingeniacha, nami nisingekwenda.

Saa ya chakula ilifika nikiwa nakaza mkanda wa tandiko. Mezani hapakuwa tena na nafasi yangu. Bi Ermesinde alikuja peke yake, ameshika kitambaa kilichofungwa, akanitia mkononi. Kilikuwa kizito na baridi. Mkate, na kile kipande cha ini.

"Jana hukula."

"Sikuwa na njaa, mama." Kisha nikakumbuka. "Samahani. Bibi."

Hakuondoka. Alikuwa anatazama ukuta, upande wa kaskazini.

"Wangu wako wawili kule," akasema. "Mapacha. Kabla ya Savari. Mkunga alikuwa amechelewa njiani, lakini alikuwa anakuja, tulimsikia punda wake. Baba yake Savari alisimama mlangoni na bakuli mkononi. Akaniambia, Ermesinde, nikifanya hivi tutaachanishwa. Akangoja mkunga. Mkunga alifika akakuta wamekwisha kata roho."

Nilishika kile kitambaa kwa mikono miwili.

"Tukabaki na ndoa yetu," aliendelea. "Miaka thelathini na miwili. Sikuweza kumtazama hata siku moja. Sasa nakanyaga jiwe lake kila asubuhi."

"Na bado umenifanyia hivi?"

"Nimekufanyia." Sauti yake haikutetemeka. "Ukoo unataka mrithi, nami sikuachiwa kitu kingine cha kutunza. Lakini jana usiku nilijua utasema hapana. Nilikuwa na hakika. Koleo nilikwisha liagiza."

Akanigeuzia mgongo akaingia ukumbini. Mlango aliuacha wazi, sijui kwa kusahau au kwa kusudi. Nilipanda farasi. Watu wawili wa kunisindikiza walikuwa tayari getini, na mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza. Kutoka ndani niliisikia sauti yake ile ile, ya kila siku.

"Savari Mkubwa, aliyejenga mnara. Gosbert, mwanawe. Ansel, mwana wa Gosbert..."

Nilingoja. Mazoea ni kitu cha ajabu, sikuweza kuondoka kabla hajamaliza. Alifika wa tano, wa sita. Akamtaja mumewe, wa saba, akanyamaza. Niliwasikia watu wakinyanyua vijiko.

"Bado, mama," ilisema sauti ya Savari.

"Wamekwisha."

"Bado mmoja."

Vijiko vikarudi mezani. Farasi wangu alitafuna lijamu, nikamshika shingo anyamaze. Msindikizaji mmoja akageuka kunitazama, kama anayeuliza kuna nini.

"Na Aimeri," alisema Bi Ermesinde, "mwana wa Savari na Helvise."

Nilimgusa farasi kwa kisigino. Nyuma yangu, vijiko vilianza kugonga mabakuli.